Mashine Isiyo na Kitufe cha Sadaka

Garissa, hotelini, Jumatano saa saba mchana

Aabo Sahra, binti yangu,

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Basi mimi si mzima, nimekasirika, na wewe hupo mbali. Uko nyumbani, mtaa wa pili kutoka hapa, unabishana na mama yako kama sanduku litafungika au halitafungika.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali nimezaliwa nacho mdomoni lakini hakuna aliyenifundisha kukiandika, na Kiingereza changu utakicheka. Na nakuandikia badala ya kukuambia kwa sababu siku hizi tukiongea tunagombana. Tangu Ijumaa tumegombana mara nne. Mara ya nne hata sikumbuki ilianza na nini, nadhani ilikuwa kandambili.

Usitafute humu ndani habari za baridi ya Nakuru, wala za chakula, wala za watu wa kukaa nao mbali. Mama yako ameishika zamu hiyo tangu mwezi uliopita na sidhani kuna alichobakiza. Mimi nina jambo moja tu, na hilo moja nimelizunguka miaka mitatu kama fisi anavyozunguka boma. Ni habari ya abti wako, mjomba Hassan, na hii mashine ya pesa.

Iko mbele yangu ninavyoandika. Daftari nimelilaza juu yake, maana kaunta imejaa vikombe ambavyo hakuna anayeona vinamhusu. Unaijua: chuma kizito cha rangi ya kahawia, vitufe safu nne, mkono wa pembeni wa kuvuta, karatasi nyembamba inayotoka juu, na kile kikengele. Kila nikiandika sentensi mbili mtu anataka kulipa, inabidi niinue daftari, nivute mkono, kikengele kilie, nirudi nitafute nilipoishia. Ukikuta mwandiko umeruka, ujue kuna mtu amekula anjera.

Babu yako alipofungua hoteli hii hakuwa na mashine wala droo. Alikuwa na mfuko wa shati. Mfuko ukijaa, anaumwaga kwenye mkebe wa samli uliokuwa mezani karibu na mlango. Mteja akimaliza kula anasema mwenyewe: chai mbili, anjera tatu, nyama nusu. Ukisema mbili ni mbili. Adhana ikilia, babu yako anatandika kitambaa juu ya mkebe, anaweka kiti mlangoni, anakwenda msikitini, na hoteli nzima anaachiwa paka. Akirudi anakuta mkebe umenenepa. Watu wamepita, wamejimiminia chai, wameinua kitambaa, wamelipa, wamechukua chenji yao na kukirudisha kitambaa vizuri kuliko kilivyokuwa.

Halafu kulikuwa na chai ya msafiri. Hiyo hakuna aliyewahi kukueleza, maana haielezwi. Mtu ametoka mbali, safari imemkatikia au mifugo imemwishia. Anaingia, anakwenda kukaa kiti cha mwisho karibu na jiko, kisogo kwa watu. Anayehudumu anajua. Anampelekea chai na sahani, yule anakula, anaondoka, na hakuna anayemuuliza jina. Hata usoni hatazamwi. Babu yako alikuwa akisema, ukishamtazama umeshamlipisha.

Nilikulia humo, nikaona ni kawaida kama vumbi.

Kisha ukaja ule mwaka wa vita upande wa pili wa mpaka, na mji ukafurika. Wakimbizi, malori ya chakula cha kambini, madereva wa Kikamba, askari, vijana wa mashirika na kofia zao. Hoteli ilikuwa inajaa kabla ya jua kuchomoza. Mimi nikavimba kichwa. Kaunta nikamwachia Hassan, ndugu wa mama yako, mtu wa maneno machache ambaye alikuwa hapa tangu babu yako yu hai, na mimi nikawa mtu wa soko la mifugo, wa kushika fimbo na kuitwa tajiri. Nilipokwenda Nairobi kununua sufuria kubwa, nikaiona mashine kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akifunga biashara.

"Hii hapana lala, hapana danganya, hapana ona haya," akaniambia. Kisha akanisimulia asili yake, na sijui kama ni kweli, lakini alisimulia vizuri. Wa kwanza kuitengeneza, alisema, alikuwa na baa huko Amerika, watumishi wake wakimla pesa mpaka akakaribia kuugua. Siku moja akiwa ndani ya meli akaona kifaa kinachohesabu mizunguko ya panga linaloisukuma majini. "Akasema, kama hii nahesabu maji, mimi nafanya ingine nahesabu pesa. Na kengele hii si ya mteja, mzee. Ni ya wewe. Droo ikifunguka, wewe iko nyuma, wewe nasikia."

Akanipa na ushauri wa bure. Usiuze chai shilingi tano, uza nne na thumuni. Nyama usiseme arobaini, sema thelathini na tisa. Mteja atadai chenji, mtumishi atalazimika kufungua droo, kengele italia.

Mtu mwenye akili angeuliza: kitu kilichozaliwa kwenye baa, kwa hasira za mtu asiyewaamini watu wake, kinakuja kufanya nini kwangu, ambako hata paka anajua saa za sala? Sikuuliza. Nililipa bei ya ngamia, nikaipandisha juu ya basi katikati ya magodoro, na njia nzima mpaka daraja la Tana nilikuwa natoa kichwa dirishani kuangalia kama kamba imeshika.

Ile wiki ya kwanza unaikumbuka, ulicheka mpaka ukafukuzwa ndani. Thumuni hazikuwepo mjini. Tukawa tunarudisha chenji ya peremende. Wazee wazima wenye ndevu za hina wanatoka hotelini na peremende kiganjani. Mzee mmoja wa ndevu hizo za hina, jina lake unalijua, alisimama pale mlangoni akasema kwa sauti:

"Wallahi, nimekunywa shai hapa kabla wewe hujazaliwa. Leo mbaka nibigiwe kengele? Unafikiria mimi ni mwizi?"

"Mzee, si wewe. Ni utaratibu."

"Utaratibu ya nani? Baba yako alikuwa na kitambaa!"

Nikamwona mshamba. Na ufunguo wa droo, maana sasa sala ikifika ninafunga, nilikuwa nauweka mfukoni, na kila nikisujudu unadondoka, ka! kwenye sakafu ya msikiti, safu nzima inajua tajiri amefika.

Sasa sikiliza amri niliyotoa, kwa sababu kosa limelala humo. Nilimwambia Hassan: chochote kinachotoka jikoni, kipigwe kwenye mashine. Chochote. Nilirudia mara tatu, nikiinua kidole. Hassan akasema, "Haya." Na Hassan akisema haya, ni haya.

Miezi mitatu karatasi na droo vilikubaliana mpaka shilingi ya mwisho. Niliisifu ile mashine sokoni kama mtoto aliyefaulu. Kisha vikaanza kuachana. Kwanza kidogo, bei ya chai chache. Kisha sahani. Kisha ikawa kila jioni karatasi inasema hivi na droo inasema vingine. Nikamuuliza Hassan, "Karatasi ina makosa?" Akasema hapana, karatasi ni kweli. "Na pesa?" Akasema pesa iliyomo ndiyo iliyoingia. Hivyo tu. Hivyo tu, Sahra! Mtu unamuuliza, roho inakutoka, na yeye anafuta kaunta.

Ijumaa moja baada ya sala nikakusanya wazee watatu hapa hapa hotelini. Nikaikunjua ile karatasi juu ya meza mpaka ikashuka sakafuni. Nikasema maneno. Sitayaandika, uliyasikia ukiwa jikoni, na neno "mwizi" lilikuwemo.

Yule mzee wa ndevu za hina akamwambia, "Hassan, ongea basi. Kama kuna maneno, toa sasa. Sisi ni watu yako."

Hassan akaangalia kile kiti cha mwisho karibu na jiko. Akaangalia sakafu. Akasema, "Mashine imesema kweli. Na mimi sijachukua." Akanawa mikono, akaifuta kwa kikoi chake, akatoka. Wiki ile ile akashuka Masalani, na mpaka leo ana kibanda cha duka huko, pale watu wanapovushwa mto kwa mashua.

Wewe ulikuwa kidato cha pili. Ulikuja hapa kaunta na sare yako ya shule, ukashika vitufe hivi kimoja kimoja kama unayesoma, ukaniambia, "Aabo, mashine haina kitufe cha sadaka."

Nikakujibu, "Nani amekuuliza?"

Hapa ndipo nilipokuwa nimekwama na hii barua, nimekunywa vikombe viwili vya chai nikiogopa mstari unaofuata. Nikuambie tu. Siku ile ulivyosema, nilielewa. Si baadaye. Kabla hujamaliza sentensi nilikuwa nimeelewa. Chai ya msafiri inatoka jikoni. Chochote kinachotoka jikoni kipigwe. Hassan anapiga, karatasi inaandika, droo haipati kitu. Alitii amri ya babu yako na amri yangu kwa pamoja, na zote mbili haziwezi kukaa kwenye droo moja.

Watu wakijua watanihurumia, waseme hasira zilinipofusha. Si kweli. Niliona vizuri sana. Kilichonishinda ni kutembea hatua mia mbili mpaka kwa wazee watatu na kusema, jamani, nimekosea. Siku ile ilikuwa aibu ya saa moja. Nikailaza, ikawa ya wiki. Nikailaza tena, ikawa ya mwaka. Naona haya kukuandikia, na naudhika kwamba nilikuwa mtu mzima mwenye fimbo na niliogopa hatua mia mbili.

Mama yako hajanigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza. Ananipakulia, anakaa, ananitazama nikila. Jaribu kula namna hiyo miaka mitatu, uone kama nyama inapita.

Na chai ya msafiri sikuipiga marufuku. Wala sikumfukuza mtu. Ila nani angethubutu kutoa chai ya bure baada ya yaliyompata Hassan? Kiti kikakaa kitupu, mtu akaweka kreti za soda juu yake, nikaona ni mahali pazuri pa kreti.

(Amekuja dereva wa lori. Anasema anaondoka saa tisa kamili. Nimemwambia, juzi alisema kumi. Anasema juzi ni juzi.)

Niandike haraka. Ijumaa iliyopita adeer wako Ibrahim, kaka yangu mkubwa, alipofika kutoka Diff na yule mbuzi wa kukuaga, nilimleta hapa anywe chai. Akasimama katikati ya hoteli akitazama zile kreti.

"Kiti yangu mmeiweka soda," akasema, anacheka.

Nikamuuliza, kiti chako lini?

Akanieleza kama mtu anayekumbusha jambo tunalolijua wote. Ule mwaka wa ukame, ngamia wake walipoisha hata mmoja asibaki, alikuja Garissa kwa miguu na lifti za malori. Akashindwa kunijia. Mimi mdogo wake, tajiri mwenye kengele. Miezi miwili alikuwa anakuja asubuhi nikiwa soko la mifugo, anakaa pale, kisogo kwa watu, na Hassan anampelekea sahani bila kumwita jina. Ibrahim aliona kwa macho yake Hassan akipiga mashine, kisha anaingiza mkono kwenye mfuko wake mwenyewe, anatia pesa ndani ya droo. Kila chai, kila sahani, ya kila mtu. Ndiyo maana miezi ile ya mwanzo hesabu ilikaa sawa na mimi nikaisifu mashine! Kisha waliopotewa na mifugo wakawa wengi, mshahara wa Hassan ukaisha kabla ya mwezi kuisha, na droo ikaanza kupungua.

"Nilijua ni wewe ulimwagiza," kaka yangu akaniambia. "Mbaka leo, kila sala, nakuombea dua kwa ile chakula."

Miaka yote hiyo, Sahra. Dua za kaka yangu zilikuwa zinakuja kwangu, na mwenye nazo anauza sabuni na sukari Masalani.

Sasa naelewa alivyoangalia kile kiti mbele ya wazee. Angefungua mdomo kujitetea, angeulizwa ni nani waliokula, na mmoja wao alikuwa kaka yangu. Aliniachia neno "mwizi" nilitamke, ili mimi nisiaibike. Nikifikiri hilo nataka kupiga kitu, na kilicho karibu ni mashine, na mashine haina kosa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ingekuwa mbovu ningeitupa kule jalalani, wale korongo maribu wakaikalie, nikailaumu mpaka kufa. Lakini ilifanya kazi yake. Iliulizwa nini kimetoka jikoni, ikajibu.

Ndipo usiku ule ule wa Ijumaa nawe ukaja na lako. Ukasema safari hii hutaki kitu kingine, unataka abti Hassan ndiye akusindikize stendi, kama abti wa wasichana wengine. Maneno ya Ibrahim yalikuwa bado yanaunguza kifuani, nikakufokea mpaka majirani wakanyamaza. Nisamehe. Hukuwa umekosea hata neno. Ulikuwa umegusa kidonda tu.

Unakwenda kusomea uhasibu. Watakupa mashine za stima zisizohitaji kuvutwa mkono, nasikia zingine zinaandika hata saa. Jifunze zote, uwashinde. Lakini siku karatasi itakapokuonyesha mtu amepunguza, usimwite mbele za watu. Kaa naye wawili tu, mpe chai, na asipojibu mpe ya pili. Mimi nilikuwa na birika zima la chai na sikumpa hata kikombe. Na ukikosea, mwanangu, na utakosea maana wewe ni damu yangu, rudi siku hiyo hiyo hata kama miguu haitaki.

Basi hili ndilo lenyewe. Lori la Masalani ni leo, lingine mpaka Jumapili. Basi lako linaondoka kesho asubuhi na msafara wa askari. Kesho stendi usinitafute. Najua watu watauliza baba yake yuko wapi, na utaona haya. Vumilia haya ya asubuhi moja.

Niliyemtukana mbele za watu, nitamwomba radhi mbele za watu walewale. Wazee wawili nakwenda nao. Wako hapa mbele yangu, wamekula, na tangu adhuhuri wananung'unika. Mmoja anataka akae mbele na dereva kwa sababu ya mgongo. Wa ndevu za hina anasema, "Ulituita kwa maneno ya uongo tukiwa kwa kivuli, sasa ya ukweli unatubeba kwa lori, juu ya magunia." Ana haki. Wa tatu, unajua, tulimzika mwaka jana. Alikufa akiamini Hassan ni mwizi, kwa sababu mimi nilimwambia. Huyo hakuna lori linalokwenda kwake.

Sijui Hassan atasema nini. Anaweza kunifukuza mbele ya mashua zote, na ni haki yake. Akikubali kurudi, likizo utamkuta hapa kaunta. Asipokubali, utanikuta mimi, nimejifunza kunyamaza.

Kreti za soda nimeziondoa mwenyewe, kiti nimekipangusa. Mashine nimeiacha droo wazi na kitambaa juu, ufunguo usiutafute, ninao, nitamkabidhi Hassan mwenyewe autupe mtoni akitaka. Dereva anapiga honi kama mwendawazimu na saa tisa bado dakika kumi.

Mwenyezi Mungu akutangulie njiani, akufikishe, akurudishe ukiwa wewe yule yule uliyeshika vitufe ukasema kweli. Hiyo ni dua yangu mimi, umeipata hapa. Ya abti wako ndiyo nakwenda kukuletea.

Aabo wako